Kisomaji Kilichosoma Kurasa Zisizokuwapo

Haya si ya kale wala si ya mbali. Yametokea juzi, katika nchi ambayo jina lake tumeombwa tusilitaje ovyo, lisije likachakaa. Mimi ni mtu mtiifu, kwa hiyo nitaiita nchi, basi. Kama nawe unayo nchi inayofanana nayo, hiyo ni bahati mbaya tu, kama watu wawili kuvaa kanga moja arusini.

Nchi hiyo ina desturi moja nzuri sana. Hati ya serikali haisomwi kimya kimya na mtu mmoja chumbani kwake. Mtukufu wa kwanza, yule aliyetuletea uhuru, hakujua kusoma, na kwa kuwa haifai raia kumpita Mtukufu kwa lolote, ikaamuliwa kwamba kila hati, iwe ya ndoa, ya kiwanja au ya chanjo ya mbwa, isomwe kwa sauti katika ukumbi wa kata mbele ya watu. Ikiisha kusomwa, watu huitikia kwa pamoja, "Tumesikia." Neno hilo likitoka, hati imekuwa sheria. Muhuri wake ni vinywa vyetu. Asiyeitikia hushtakiwa kwa ukaidi wa masikio, na tangu utoto wetu hatujamwona mtu aliyelijaribu kosa hilo mara ya pili. Ikulu nako, hati kubwa husomewa Mtukufu wa sasa, Msikilizaji Mkuu wetu, naye huzipitisha kwa kutikisa kichwa.

Zamani alisoma karani. Kisha akateuliwa Waziri wa Usikivu, Mheshimiwa Chande Makuka, mtu mnene wa kauli na wa shingo, naye akatuletea Kisomaji. Ni programu inayokaa ndani ya kompyuta. Unaiwekea hati, inaifungua na kuisoma kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba. Siku ya kuizindua Mheshimiwa alivaa suti ya rangi ya maziwa ya mgando, akasema:

"Ndugu wananchi, karani hukohoa. Karani huumwa meno. Karani hula rushwa, na siku asipokula, hunusa. Kisomaji hakina koo, hakina meno, hakina pua. Kina kumbukumbu tu."

Tukaitikia tumesikia.

Ingekuwa imeishia hapo ningekuwa sina hadithi. Lakini Mheshimiwa alikaa siku ile kusikiliza hati zikisomwa, akakereka. Leseni ya kinyozi ilikuwa ukurasa mmoja. Cheti cha kuzaliwa, ukurasa mmoja, tena haukujaa. Akauliza mabalozi wakisikia watatuonaje. Taifa kubwa, akasema, haliwezi kuwa na hati fupi. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria kwamba kila hati ina kurasa kumi. Makarani hawakuwa na maneno ya kujaza kurasa kumi, nani anayo, ila walikuwa na adabu. Wakaandika hati zao za ukurasa mmoja kama kawaida, na juu kabisa wakaandika: "Kurasa kumi."

Kisomaji kikaamini. Wewe ukimwambia mgeni kwamba masinia ni kumi, kisha ukaleta moja, atakaa kwa heshima angoje. Kisomaji hakikungoja. Kiliingia jikoni chenyewe kikaanza kukwangua masufuria ya watu wengine.

*

Wa kwanza kupakuliwa makoko hayo alikuwa mkamwana wangu, Siwatu. Ni mjane wa mwanangu wa pekee. Alipofiwa, ndugu zake walikuja kumchukua, akawaambia, "Na huyu mama nimwachie nani?" Hakuondoka. Tunalala chini ya chandarua kimoja, na hakuna uvumi wa mtaa uliowahi kulala nje ya chandarua kile. Akisikia yeye, nimesikia. Nikisikia mimi, kashasikia.

Siwatu alipeleka leseni yake ya kuuza vitumbua. Ukumbi ulijaa, maana siku ile paliwekwa viti. Kisomaji kikasoma vizuri kabisa: "Siwatu binti Kheri anaruhusiwa kuuza vitumbua katika kata hii, asivuke barabara, asizidishe hiliki." Kisha, bila hata kuvuta pumzi, kikaendelea kwa sauti ile ile:

"...na magodoro mapya ya wodi ya wazazi yapelekwe nyumbani kwa Mheshimiwa Waziri, kwa kuwa mbwa wake wanaumwa migongo. Jambo hili lifanyike kimya."

Tukaitikia, "Tumesikia." Mdomo ukishazoea hauombi ruhusa kichwani.

Katibu wa Kata, Bwana Mtumweni, ni mtumishi ambaye hajawahi kuiuliza amri inatoka wapi. Kilichoitikiwa ni sheria, na sheria hutekelezwa kwa heshima zake. Kesho yake akakusanya wachukuzi, akaita bendi ya polisi, akayatoa magodoro wodini. Kwa kuwa sheria ilisema lifanyike kimya, bendi iliandamana na tarumbeta mdomoni bila kupuliza. Mpiga ngoma aliinua fimbo na kuishusha isifike. Tulisimama kando ya njia tukiyatazama magodoro yakipita kichwani kwa watu, yamefungwa nailoni zao, na nyuma yake wazazi wamesimama madirishani na vichanga vyao, na hakuna aliyetoa sauti isipokuwa vile vichanga, ambavyo havijafundishwa sheria.

Mheshimiwa alikuwa na wageni wa nje mezani. Wanasema aliyaona magodoro yakiingia getini, kijiko cha mchuzi kikabaki hewani.

*

Ikaundwa Tume ya Kumtafuta Mvujishaji. Neno la Waziri kuhusu mbwa wake limefikaje kwenye leseni ya vitumbua? Kisomaji hakiwezi kushukiwa, kimenunuliwa kwa sherehe. Yamebaki mawili, ama vitumbua, ama Siwatu. Wakamjia asubuhi, mikono yake ikiwa na unga. Askari akamruhusu anawe, ila maji ya kunawia wakayachukua kama kielelezo.

Adhabu ya kuvujisha siri ya Taifa ni moja. Mtu hupelekwa Gereza la Kimya. Liko wapi hatujui, maana hakuna aliyepelekwa akarudi kutueleza, na jamaa zake huambiwa wasiulize ili wasijisumbue. Hilo ndilo lililonikondesha. Waichukue leseni, wauchukue mwiko na karai lake. Mtoto yule wamrudishe.

Tume ilimwita mtaalamu wa kompyuta wa Wizara, Injinia Perpetua, Mheshimiwa Waziri mwenyewe akiwa mezani. Siku ile nilikuwa kwenye benchi la nje, dirisha liko wazi. Nilikuwa nimekwenda kuomba kumpelekea Siwatu uji.

"Mheshimiwa, tatizo nimeliona," Injinia alisema. "Kumbukumbu inavuja."

"Kumbukumbu ya nani?"

"Ya Kisomaji, Mheshimiwa. Hati ikisema ina kurasa kumi nayo ina moja, kinazijaza zile tisa kwa chochote kilichobaki ndani, hati za watu wengine kilizosoma kabla. Na kwa kuwa ofisi yako nayo huzifungua barua zake kwa Kisomaji hiki hiki..."

"Ngoja, binti yangu. Kisomaji ni cha nani?"

"Cha Taifa."

"Kwa hiyo unaniambia kumbukumbu ya Taifa inavuja?"

Nadhani Injinia alikuwa anamtazama askari wa mlangoni.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema. "Inatoa jasho."

"Jasho la nini?"

"La kazi, Mheshimiwa."

"Hapo umesema kitaalamu. Na dawa yake?"

"Tungeandika idadi ya kurasa kama zilivyo..."

"Unataka nilipunguze Taifa hili kurasa tisa?"

"Au feni, Mheshimiwa."

Likanunuliwa feni. Wakaliweka mbele ya ile kompyuta, linageuza shingo huku na huku kama mtu anayekataa.

Uji niliruhusiwa kuupeleka baada ya askari kuuonja mpaka nusu. Siwatu nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, umekonda."

"Nimekonda wapi, kanga hii ndiyo pana."

"Wananiuliza nani alinituma. Nimewaambia hamira."

"Usiwafanyie mzaha hawa, mwanangu."

"Sasa niwafanyie nini? Wao ndio walioanza." Akanisogelea akaninong'oneza, "Bi Hadia kamrudisha mume wake?" Nikamweleza yote ya huyo jirani yetu, mpaka rangi ya sanduku alilorudi nalo mume. Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akamaliza uji.

*

Feni halikusaidia. Kilisomwa kibali cha kumzika marehemu Mzee Shekue, na maiti iko nje inangoja, Kisomaji kikaunganisha: "...kura za kata hii zimeshahesabiwa, zimebaki kupigwa." Tukaitikia. Marehemu akazikwa kwa haraka, maana waombolezaji hawakutaka kuonekana wamesimama pamoja.

Ndipo ilipotoka Amri ya Masikio. Ilisema kwamba siri ya Taifa ina wenyewe, na yeyote aliyeisikia ni mwivi wa siri, mahali pake ni kizuizini, pasipo kutazama cheo. Nayo Amri ikasomwa ukumbini, tukaiitikia. Kila raia akatakiwa amripoti jirani aliyesikia. Watu wakajitokeza kwa moyo. Bwana mmoja fundi wa saa alikwenda kituoni kumripoti shemeji yake. Wakamwuliza, "Shemeji yako alisikia nini?" Akawatajia. Wakamweka ndani, kwa kuwa ameirudia siri kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mashahidi. Shemeji aliyekuja kumwona akaulizwa amefuata nini.

Mtaa ukabadilika. Watu wakawa wanasalimiana kwa kope. Jirani yangu Bi Hadia, tuliyekopeshana naye chumvi tangu sote tuna meno, alikuja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Hujambo, shoga?"

"Sijambo. Karibu."

"Nimeshakaribia. Juzi kwenye kibali cha maiti ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Wewe je?"

"Nilikuwepo, ila nilikuwa nakohoa."

"Mimi nilikuwa napiga chafya."

"Muda wote?"

"Muda wote. Na wewe ulikohoa muda wote?"

"Mpaka mwisho."

"Basi pole kwa kifua."

"Na wewe pole kwa pua."

Akaondoka. Nilimtazama mpaka akakata kona, nikamwona naye amegeuka ananitazama. Tangu siku hiyo chumvi nanunua.

*

Kesi ya Siwatu iliwekwa ukumbini pale pale, kwa kuwa hati ya mashtaka nayo lazima isomwe na Kisomaji. Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe, akawekewa kochi. Hakimu alikuwa bwana mmoja mwembamba aitwaye Rukonge, mwenye sifa ya kusikiliza pande zote mbili za Wizara.

Mwendesha mashtaka alianza na ombi. Alisema mtuhumiwa wa kuvujisha ni kama mtungi uliotoboka, na haifai kuutia maji mapya. Aliomba mshtakiwa asisikie kesi yake. Hakimu akaona ni hoja yenye mashiko. Askari akaleta pamba na nta ya mshumaa, akamziba Siwatu masikio yote mawili mbele yetu, akambonyeza kwa dole gumba. Siwatu akaniangalia. Nikamwonyesha kwa mkono, tulia. Akageuza uso akawa anatazama dirishani, ambako kuku wa Katibu alikuwa anaparua.

Kisomaji kikafunguliwa. Mashtaka yalikuwa ukurasa mmoja. Juu yake, kwa adabu, paliandikwa kurasa kumi.

"Siwatu binti Kheri anashtakiwa kwa kuingiza siri ya Taifa ndani ya leseni ya vitumbua." Hapo ukurasa ukaisha. Sauti haikuisha. "...Mheshimiwa Hakimu, hukumu ya yule mwanamke nimekuandikia, usome tu. Apelekwe Kimya. Ukisoma uonyeshe huzuni kidogo."

Hakimu Rukonge alishika kitambaa akajifuta paji la uso, na bado alikuwa hajaonyesha huzuni. Tukiitikia hilo limekuwa sheria, na mwanangu amekwenda. Nikafunga mdomo, nikaubana kwa kanga. Lakini Kisomaji kilikuwa hakijamaliza kurasa zake.

"...Daktari, hali ya Mtukufu tuifiche. Hasikii kitu tangu masika. Akisomewa hati mimi humfinya paja chini ya meza, naye hutikisa kichwa. Watu wakijua kwamba Msikilizaji Mkuu ni kiziwi, sheria zote za miaka hii... Wako mtiifu, Chande Makuka."

Feni likageuza shingo upande huu, likageuza upande ule.

Jamani, siku ile tulinaswa. Asiyeitikia ni mkaidi wa masikio. Atakayeitikia amekiri kusikia. Mwendesha mashtaka alikuwa anatazama kiatu chake kana kwamba ndio kwanza anakiona. Mheshimiwa Waziri alifungua mdomo nadhani ili aseme kizimwe, lakini aliyezoea kutamka neno lile kila siku ya Mungu hana mdomo mwingine. Neno lililotoka kwanza ukumbini lilitoka kwenye kochi.

"Tumesikia," alisema Mheshimiwa.

Na sisi, tuliofundwa kumfuata mkubwa, ukumbi mzima, hakimu, askari, wazee kwa watoto wa mgongoni, tukamfuata. "Tumesikia." Hata mimi. Kanga ilikuwa mdomoni na bado neno lilipenya.

Wa kwanza kuelewa tulichofanya alikuwa Bwana Mtumweni, maana hana mawazo mengine yanayomchelewesha. Akasimama, akavuta shati likanyooka.

"Waheshimiwa na ndugu zangu. Amri ya Masikio inasema yeyote aliyesikia siri ya Taifa, mahali pake ni kizuizini, pasipo kutazama cheo. Nawaweka nyote chini ya ulinzi. Na mimi najiweka."

"Mtumweni, una wazimu?" Mheshimiwa akamwuliza.

"Sina ruhusa hiyo, Mheshimiwa. Mmeitikia."

"Nani atatulinda, bwana? Askari wenyewe wamesikia."

Bwana Mtumweni akatazama ukumbi wote, uso kwa uso, kama anayetafuta jongoo kwenye mchele. Kisha akamwona Siwatu, bado anamtazama kuku. Katika kata nzima, mtu pekee ambaye mahakama yenyewe ilithibitisha kwamba hakusikia ni mshtakiwa. Na mtu asiyesikia siri hakuivujisha. Hakimu alilisema hilo mbio mbio, na hiyo ndiyo hukumu pekee aliyoitunga mwenyewe katika maisha yake ya kazi. Wakamwonyesha Siwatu mlango kwa ishara, wakampa funguo, wakamwonyesha afunge kwa nje. Akatufunga.

*

Tulikaa humo ndani wakubwa kwa wadogo, tunapepewa na feni lile lile. Wa kutufungulia alikuwa Siwatu peke yake, na Bwana Mtumweni alikuwa amemwelekeza kupitia dirishani, akimwandikia kwa chaki, jinsi uchunguzi unavyofanywa. Mtu hufika dirishani, anaulizwa swali moja. Akijibu inavyotakiwa, anatoka. Siwatu alichomoa nta akaanza kazi.

"Umesikia nini?"

"Sikusikia kitu," akasema Hakimu, akatoka.

"Umesikia nini?"

"Nilikuwa nakohoa," akasema Bi Hadia, akatoka.

Wote wakatoka hivyo. Mheshimiwa alikwama. Waziri wa Usikivu atasemaje hakusikia? Ni sawa na kujiuzulu. Alilala kwenye kochi lake humo humo, mpaka kesho yake adhuhuri walipomletea habari kwamba Wizara imebadilishwa jina, sasa ni Wizara ya Usahaulifu. Akatoka kwa heshima zote, hakumbuki aliingiaje. Akamtazama Siwatu pale na funguo zake, akampandisha cheo papo hapo. Akawa Shahidi Safi wa Taifa, wa kukaa mitaani asikilize nani anasema nini. Akamwachia na kitambulisho cha kuvaa shingoni.

Lakini nimeruka zamu yangu. Mimi nilikuwa karibu na mwisho, kwa sababu ya miguu. Nilifika dirishani, uso wake na wangu umetenganishwa na nondo.

"Mama," akasema, "umesikia nini?"

Nilitazama nyuma. Bwana Mtumweni alikuwa ameshika chaki.

"Sikusikia kitu, mwanangu."

Akanifungulia.

Siku alipopewa kitambulisho kile tulikaa barazani alasiri, mimi na yeye, kwenye mkeka wetu. Alipika chai ya tangawizi jinsi ninavyoipenda, akanimiminia, akaifunika kwa kisahani isipoe. Kitambulisho alikuwa amekivua amekiweka juu ya kinu, uso wake juu. Watu walikuwa wanapita njiani wakimsalimu kwa mbali. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kunirudishia mtu wangu. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie hivyo.

Akasema taratibu, anachochea chai yake, "Mama, hivi yale masikio ya Mtukufu, hata dawa hayana?"

Kikombe nilikiweka chini. Pamba ile niliiona ikiingia kwa macho yangu. Nta niliiona. Ama haikuziba, mwanangu akakaa mle akisikia hukumu yake mwenyewe na uso kautuliza kwa kuku. Ama ameambiwa na mtu baadaye. Ama ameambiwa aniulize. Nilimtazama machoni nipate kujua ni lipi kati ya hayo, nikaona naye ananitazama machoni.

"Masikio ya nani, mwanangu?"

Akachukua kisahani, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akakirudisha.

"Ya mbuzi wetu," akasema. "Naona yana kupe."

"Yapake mafuta ya taa. Atapona."

"Nitayapaka, Mama."

Tukanywa chai. Sisi hatujawahi kufuga mbuzi.